Boksi Lenye Tundu

3 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu, na yule daktari ameacha kukukataza chumvi, ingawa najua hukumsikiliza hata hivyo.

Nakuandikia barua kwa sababu mchoro hausomeki kwenye simu. Geuza karatasi uone nilichochora. Zile spika mbili za inchi nane ulizonipa walipovunja jumba la sinema, hatimaye nimeamua kuzitengenezea maboksi. Zilikuwa juu ya kabati tangu tulipooana, kila nikifuta vumbi zinaniangalia. Nimepata plaiwudi nzito, vipande vilivyobaki karakana tulipomaliza kabati za ile hoteli. Bosi amesema nichukue kabla panya hawajachukua.

Nataka maboksi ya tundu. Mbele, chini ya spika, nitatoboa tundu na kuingiza bomba la plastiki kwa ndani, hewa iwe inaingia na kutoka. Swali langu ni moja: bomba liwe refu kiasi gani? Nimejaribu kukisia, na mimi sijazoea kukisia. Nikikata ubao nakata kwa kipimo. Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyekaa nyuma ya pazia la sinema miaka yote ile na maspika yako. Vipimo vya ndani nimeviandika pembeni ya mchoro.

Binti yako hajambo, anakusalimu sana. Angeandika mwenyewe ila amepata sare za shule za kushona na cherehani haipoi.

Mkweo,
Seremala


11 Juni

Mkwe wangu Seremala,

Marahaba. Mguu haujambo, chumvi haijambo, mgonjwa sasa ni daktari kwa hasira.

Mchoro wako ni mzuri kuliko wazo lako. Nani kakudanganya kwamba boksi lazima liwe na tundu? Kule sinema tulikuwa na maboksi ya tundu, ndiyo, makubwa kama kabati la nguo, kwa sababu ukumbi ulikuwa mkubwa na hewa yake ilitaka kusukumwa. Nyumbani ni habari nyingine. Ziba boksi. Paka gundi kila kiungo, jaza sufi ndani, funga pande zote sita, basi. Hewa uliyoifungia humo inakuwa kama springi nyuma ya spika. Inairudisha mahali pake, na ngoma ikiisha inaisha kweli, haiburuti mkia. Boksi la tundu litakupa besi zaidi, sikatai. Lakini likikosewa kidogo linavuma kama mtu anayeongea kichwa kikiwa ndani ya pipa. Na muziki ukishuka chini kuliko bomba linavyoweza, spika inabaki haina cha kuishika, inapepea mpaka inajiumiza.

Kabla sijakupa urefu wa bomba lolote, nijibu: utaziweka chumba gani? Nipe urefu, upana na dari. Chumba nacho kinaongeza besi, na kikiwa kidogo kinaongeza kupita kiasi. Ndiyo maana naanza na chumba, ninyi mnaanza na bomba.

Salamu za binti yangu nimezipokea. Mwambie nimefurahi kusikia cherehani haipoi. Mwambie asisahau kula.

Baba mkwe wako


20 Juni

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Nimekuelewa kuhusu springi. Lakini nina sababu zangu. Kwanza, boksi likizibwa kabisa, waya ukikatika ndani nitalifunguaje bila kulivunja? Pili, spika zenyewe ni za zamani, nadhani zinahitaji kupumua. Tatu, mimi napenda besi. Naomba tu urefu wa bomba, baba. Likivuma nitavumilia mwenyewe.

Chumba ni kile cha nyuma. Mita tatu kwa mbili na nusu, dari mita mbili na nusu na kidogo. Dirisha moja, mlango mmoja. Ukuta una rangi ya njano, ingawa najua rangi haimo kwenye hesabu zako. Kwa sasa nakitumia kama karakana ya nyumbani, nimeweka meza ya kazi na jiliwa la kubania mbao. Hakina kazi nyingine.

Binti yako anakusalimu. Nilimsomea ile ya daktari, alicheka mpaka akaacha kushona.

Mkweo,
Seremala


28 Juni

Seremala,

Marahaba.

Kweli, rangi ya njano haimo kwenye hesabu. Lakini niliipaka mimi, juu ya ngazi, kwa mguu huu huu, binti yangu amesimama chini na tumbo lake ananiambia, "Baba, umeruka kona." Kwa hiyo najua ni chumba gani na kilikuwa cha nani.

Sikulaumu kwa kukitumia. Nyumba yenu si kubwa. Ila hayo maneno "hakina kazi nyingine" nimeyasoma zaidi ya mara moja na sijayapenda. Mtoto alipozaliwa ameshafariki, mimi nilifika mazishi yameisha. Nikakuta kila kitu umeshakimaliza: umezika, umewaandalia wageni chai, umefua mashuka, uko hospitali kando ya kitanda cha mkeo umekaa wima kama mlinzi. Nilikusifu mbele ya watu. Siku hizi nafikiri sifa zile niliziharakisha.

Sasa turudi kwenye maboksi. Sababu zako tatu hazina miguu. Waya ukikatika unafungua skrubu za spika yenyewe, unaitoa kwa mbele, mkono unaingia. Spika si mbuzi, haihitaji kupumua. Na kama ni besi, chumba cha ukubwa huo kitakuongezea bure kuliko unavyoomba, boksi likiwa limezibwa. Fundi anayepinga kwa sababu mbovu tatu mara nyingi ana ya nne ambayo hajaisema.

Fanya hivi. Tengeneza moja la kuzibwa, moja tu, dogo. Kwa mkono wako ni kazi ya nusu siku. Likikamilika, bonyeza karatasi ya spika taratibu kwa vidole. Ikirudi polepole, umeziba vizuri. Ikiruka haraka, kuna mahali hewa inatoroka. Halafu niandikie linavyolia. Ukilichukia, nitakupa urefu wa bomba bila neno.

Nakutumia kwa kondakta wa basi mfuko wenye mkanda wa mpira wa kuzungushia spika, vishikio vya waya na skrubu.

Umesema binti yangu alicheka. Nimefurahi. Mimi sijasikia kicheko chake muda sasa.

Baba mkwe wako


9 Julai

Baba,

Shikamoo.

Mfuko nimeupata. Mpira unatosha, skrubu pia. Mfuko wenyewe nimeuweka mezani nikauangalia mpaka chai ikapoa. Umeshonwa kwa kitambaa cha shuka kuukuu, na kila kona mshono umerudiwa mara mbili, halafu uzi umefichwa kwa ndani. Namjua mtu mmoja tu anayejisumbua hivyo kwa mfuko wa skrubu.

Kwa hiyo yuko kwako.

Aliniaga kwamba anakwenda kwa rafiki yake msusi, siku chache. Nilipokwenda kwa msusi akasema alilala kwake mara moja tu, akaondoka na cherehani yake. Hakuniambia kaenda wapi, nadhani alikatazwa. Simu yake hapokei. Nilianza kukuandikia nikitaka kukuuliza kama umemwona, nikaona aibu, kalamu ikaandika habari za spika. Nikishafika mwisho wa barua naona haiwezekani kumwandikia baba mkwe bila salamu za mke, basi nazitunga. Hata kile kicheko nilikitunga. Na wewe ulikuwa unazisoma naye yuko hapo hapo. Sijui niombe radhi kwa lugha gani.

Anakula? Analala? Kama hataki nijue, usinijibu.

Boksi nimelianza kama ulivyosema. Pande tano zimekaa, viungo vimebana vizuri, kona iko sawa. Ubao wa mwisho nimeukata na kuupiga msasa. Nimeshindwa kuufunga. Gundi ipo, skrubu ulinitumia, mikono mizima. Nausogeza mpaka unagusa halafu nautoa. Nimejaribu siku tatu. Mwisho nikaliweka boksi chini ya meza likiwa wazi hivyo hivyo.

Usiniulize kwa nini, baba. Nipe urefu wa bomba.

Mkweo,
Seremala


15 Julai

Randa,

Hii si barua ya baba, ni yangu.

Baba alikuwa akizisoma barua zako mezani, kwa sauti, wakati wa chakula. Akifika kwenye salamu ananiangalia juu ya miwani, anasema, "Umesikia? Unanisalimu." Mara ya kwanza nilicheka kwa hasira. Kumbe mimi nipo kule nashona sare! Hii ya mwisho hakuisoma kwa sauti. Alinipa mkononi akaenda kumwagilia maua ambayo yalikuwa yameshamwagiliwa.

Nakula. Usingizi huja na kuondoka. Mfuko ule nilishona nikijua unakuja kwako. Baba aliomba mfuko, hakuomba kona. Ningeweza kuziacha, sikuziacha, na sitaki kulieleza hilo zaidi.

Nitakuambia kilichoniondoa, kwa sababu naona unazunguka na maspika kama mtu aliyepoteza ufunguo. Siku ile nilitoka kwa mteja mapema. Nikaingia chumba cha nyuma, nikakuta lile godoro dogo, lile tulilonunua pamoja, limekatwa katikati kwa kisu. Nusu iko mezani umelaza spika juu yake zisikwaruzike. Nusu nyingine haipo. Nikakuuliza, "Umekata godoro la mtoto ujaze maboksi?" Ukaniangalia. Ukasema, "Lilikuwa limekaa tu."

Lilikuwa limekaa tu! Nikaenda kufungasha.

Lakini godoro lilikuwa tone la mwisho. Nilimbeba yule mtoto mpaka mwisho. Nikapasuliwa nikiwa nimelala, nikaamka nikaambiwa mambo yamekwisha, na siku niliyoweza kusimama alikuwa ameshazikwa. Sikumwona hata unywele. Wewe ulikuwepo. Nilikuuliza hospitali, alikuwaje? Ukasema, "Pumzika kwanza." Nikakuuliza nyumbani, ukasema pumzika. Nikakuuliza tukiwa tunakula, ukaamka kwenda kuangalia kama mlango umefungwa. Nikaacha kuuliza, wewe ukaanza kubeba mbao kuzipeleka chumba kile. Watu wakija wanasema, mume wako ana nguvu, angalia anavyofanya kazi. Nikaona basi, huyu kwake yamepita, nimebaki mimi peke yangu na mtu nisiyemjua hata sura.

Nimepumzika sasa. Nakuuliza kwa mara ya mwisho na nataka jibu kwa maandishi ili usiende kuangalia mlango. Ulimwona au hukumwona? Kama hukumwona, sema, sitakulaumu. Kama ulimwona, niambie.

Sindano


19 Julai

Sindano,

Nilimwona. Nilimshika.

Muuguzi alinipa akiwa amefungwa kwenye kile kitenge chako cha bluu. Alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, zimelalia upande mmoja kama mtu aliyetoka kuamka. Masikio yako kabisa, hata ile ncha ya juu. Pua haikuwa yako wala yangu, nilitafuta ya nani nikakosa. Alikuwa na kucha. Sikujua kwamba wanakuja na kucha. Mguu wa kushoto, kidole kidogo kilikuwa kimempanda mwenzake, kama changu ambacho huwa unakicheka. Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri. Uso wake haukuwa na maumivu, hilo naweza kukuapia. Nilikaa naye kwenye benchi la korido mpaka muuguzi akaja akasema, "Baba, inatosha," na mimi nikasema bado, akaniacha, akarudi baadaye.

Nje ya lango walikuwa wakiuza majeneza madogo. Nikayaangalia. Yalipigwapigwa misumari, viungo vimeachana, kidole kinapita. Nikaona siwezi. Nikaenda karakana. Bosi hakuniuliza kitu, alizima mashine akawatoa wenzangu wote nje. Nikalitengeneza mwenyewe. Kona nilizikata kwa nyuzi arobaini na tano, zikakaa hata karatasi haipiti. Mikono haikutetemeka hata kidogo, Sindano, na hilo ndilo lililonitisha, maana ilikuwa inafanya kazi kama kawaida, kama vile ni droo ya mteja. Halafu nikaenda nyumbani nikachukua godoro, nikalikata kwa kipimo, nikalitandika ndani.

Nusu unayoitafuta iko hapo. Iko naye. Sijajazia spika hata uzi mmoja wa godoro lile. Nusu iliyobaki niliificha nyuma ya mapazia ya zamani ili usiikute. Siku nilipoitoa niliiweka mezani kwa sababu nilishindwa kuitupa na nilishindwa kuirudisha nilikoificha, nikailazia spika ili ionekane ina kazi.

Ulipouliza, jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nikisema nusu nyingine iko wapi, utaniuliza niliikata kwa kipimo gani, na nimekijuaje. Basi nikasema lilikuwa limekaa tu. Niliona uso wako ukijifunga. Ningeweza kukukimbilia mpaka getini. Sikukukimbilia.

Kuhusu "pumzika". Nilidhani nikikuambia habari za nywele na kucha ndiyo utampoteza zaidi. Nilidhani usichokiona hakitakuuma. Sikufikiri kwamba nilikuwa nimekaa na mtoto wako peke yangu, nimekunyima.

Ubao wa mwisho niliufunga mimi. Nilizikaza skrubu zote. Tangu hapo, kitu chochote kinachofungwa pande zote mikono inagoma. Karakana kulikuwa na sanduku la nguo la mteja, nikamwachia mwenzangu amalizie, nikasingizia mgongo. Nikasema nikitengeneza spika nitatengeneza za tundu, hakuna atakayeuliza. Sikujua baba yako anauliza mpaka dari.

Sikuandikii ili urudi. Umeuliza, nimejibu. Kama kuna kitu kingine unataka kujua juu yake, uliza, nitakaa nikumbuke.

Randa


26 Julai

Seremala,

Barua yako kwa binti yangu ilifika. Sijaisoma na sitaisoma.

Aliisomea jikoni. Nilisikia kiti kikivutwa. Maharage yakaanza kuungua, nikaingia nikazima jiko, hakugeuka. Nikatoka. Baada ya muda akaja barazani akaniambia, "Baba, hebu vua soksi." Nikavua. Akainama akaangalia kidole changu kidogo cha mguu, kulia na kushoto. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, "Chako kimenyooka. Basi kile kilikuwa cha baba yake." Halafu akalia. Tangu aje hapa alikuwa akilia chooni na bomba limefunguliwa, akidhani mimi ni kiziwi. Safari hii alilia mbele yangu, kwa sauti, kama alivyokuwa akilia utotoni. Mimi nimekaa na soksi mkononi, sikujua niziweke wapi.

Ameniambia kuhusu ubao wa mwisho. Hilo tu, mengine ameyaweka kwake. Nisamehe kwa kukusukuma. Nilijua una sababu ya nne, sikujua ni hiyo.

Jumamosi atakuja na basi la asubuhi. Hajasema anarudi kukaa, amesema anakuja kumwona mtoto, umpeleke. Usimuulize zaidi ya hapo. Nenda kituoni na mkokoteni, cherehani ni nzito na hatakubali kumwachia mpagazi, lakini usimwache abebe.

Bomba: chukua la kipenyo cha inchi tatu. Kwa vipimo vyako vya ndani, kata sentimita kumi na nane kwanza, lisikilize, halafu punguza kidogo kidogo. Usianze na fupi kwa sababu kuongeza hutaweza. Nadhani utaishia karibu na kumi na sita. Ukingo wa ndani uupige msasa uwe mviringo, la sivyo hewa itapiga mluzi. Kwenye chumba kile litavuma, nakuonya. Livume.

Baba mkwe wako


1 Septemba

Baba,

Shikamoo. Najua umekasirika nimekaa kimya. Nilitaka niandike nikiwa na habari, si salamu peke yake.

Alikuja kituoni na mkokoteni mpya, sijui kaazima wapi, na kamba ya kufungia meli. Aliifunga cherehani mpaka tulipofika nyumbani tukashindwa kuifungua, ikabidi aikate kwa kisu. Njiani hatukuongea sana. Yeye alisema, "Angalia shimo," mimi nikasema, "Nimeliona." Basi.

Kesho yake tukaenda makaburini. Alinionyesha. Nilikaa chini, naye akakaa. Nikamwambia anieleze tena, kwa mdomo sasa, tangu nywele. Akaeleza. Akikwama anaangalia viganja vyake, halafu anaendelea. Mara ya kwanza maishani namwona akilia, na kumbe analia vibaya, kama mtu anayekohoa. Nusu ya godoro tuliyobaki nayo nimeishonea foronya, iko kabatini juu, wazi, siyo nyuma ya mapazia.

Usidhani tumekuwa malaika. Wiki ya pili alianza tena kunyamaza, anajibu "mm" kwa kila kitu. Nikapiga meza. Nikamwambia, "Mimi sikurudi kuja kuongea na mbao." Akasema, "Nipe muda kidogo, nakuja." Akatoka uani. Nikasema moyoni huyu haji. Akaja. Akakaa akasema alichokuwa nacho, kilikuwa kitu kidogo tu, mteja alikuwa amemtania kuhusu watoto. Tukala.

Maspika yamekamilika. Bomba limeishia kwenye kumi na sita kasoro. Chumba cha nyuma yalivuma kama ulivyosema, kikombe kilitembea chenyewe mezani mpaka kikaanguka. Tukayahamishia sebuleni, na huko yanalia vizuri, hata mimi nimeacha kulalamika. Amesema nikuandikie kwamba ulisema kweli kuhusu chumba. Nikamwambia aandike mwenyewe. Amekataa, anasema utaitundika ukutani. Lile boksi dogo halijafungwa mpaka leo na sijamwambia alifunge. Nimelilaza ubavu, naweka vitambaa vyangu humo, ni rafu nzuri. Chumba cha nyuma sasa nashonea mimi, mwanga wake unanifaa, na ile kona uliyoruka ipo mbele ya macho yangu kutwa nzima. Yeye mbao zake amezihamishia uani.

Sasa habari yenyewe. Kaburini kuna kibao alichokiweka siku ile ya mazishi. Kimechongwa tarehe peke yake. Nikamuuliza, "Kwa nini hukuweka jina?" Akasema, "Ningempaje jina peke yangu? Lilikuwa letu wawili." Kumbe hata hilo alikuwa akiningoja na hakusema!

Tangu hapo tukawa tunataja majina. Nikiwa nashona nataja, akiwa anaranda anataja, kila mmoja anakataa la mwenzake. Mengine tuliyacheka. Yeye alitaja lako, nikamwambia hilo ni la kiume, wetu ni msichana, na mwenyewe bado analitumia. Juzi, tunaosha vyombo, tukalitamka moja kwa pamoja, tukaangaliana, na hakuna aliyelikataa.

Ameshaanza kukichonga kibao kingine, cha mti mgumu. Ninamsikia hapa dirishani, anagonga taratibu, anapuliza vumbi, anagonga tena. Amefika herufi ya tatu. Jina sikuandikii kwenye barua, baba. Mguu ukikuruhusu, njoo ulisome.

Binti yako